Je, kila aliyenunua Bitcoin mapema alitajirika? Jibu kwa fundi wa Kondele

Swali: "Habari yako mhasibu. Mimi ni fundi wa simu na laptopu hapa Kondele, Kisumu. Shemeji yangu aliye Nakuru ananiambia kila siku kwamba wote walionunua Bitcoin mapema leo ni mamilionea, na kwamba sisi tulikuwa tumelala. Sasa anataka nichukue mkopo wa sacco wa laki mbili tununue sarafu mpya ambayo anasema 'bado iko chini kabisa'. Mke wangu amekataa, mimi niko katikati. Naomba ukweli: ni kweli walioanza mapema walitajirika? Na mimi je, nimechelewa?"

Ndugu fundi,

Wapo waliotajirika, tena sana. Lakini hilo la "wote" si kweli hata kidogo. Wengi walioanza mapema waliuza mapema, au walizitumia, au waliibiwa, au walipoteza funguo (namba za siri za kuzifungulia) na hadi leo wanaziona sarafu zao bila kuweza kuzigusa. Waliobaki na mamilioni ni wale waliokaa nazo miaka mingi bila kuuza na bila kupoteza. Kununua ilikuwa sehemu rahisi. Kuhusu mkopo, niko upande wa mke wako, na nitakuonyesha hesabu. Ila kwanza tumtendee haki shemeji, kwa sababu hakosei kila kitu.

Satoshi Nakamoto, ambaye hadi leo hajulikani ni nani, alitoa maelezo ya Bitcoin, pesa ya kidijitali isiyo na benki nyuma yake, tarehe 31 Oktoba 2008, na mtandao wenyewe ukaanza tarehe 3 Januari 2009. Wakati huo sarafu haikuwa na bei. Ulikuwa unawasha programu kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani, na kompyuta yako ikibahatika kufunga ukurasa mpya wa daftari la pamoja, unazawadiwa sarafu 50. Huko ndiko kunakoitwa kuchimba. Mtu wa kwanza kutumiwa Bitcoin na Satoshi alikuwa Hal Finney, mtaalamu wa programu wa Marekani. Alipokea sarafu 10 mnamo Januari 2009. Finney akachimba za kwake pia kwa muda, halafu akazima. Unajua kwa nini? Aliandika mwenyewe 2013 kwamba kompyuta ilikuwa inapata joto na kelele ya feni ilikuwa inamsumbua. Wewe ni fundi, unajua feni iliyojaa vumbi inavyonguruma. Mtu wa pili duniani katika jambo hili, mwenye akili kuliko wengi wetu, aliacha kwa sababu ya feni. Alibaki na sarafu kiasi, lakini baadaye akaugua maradhi yaliyompooza mwili mzima, na sehemu ya sarafu hizo ikauzwa kulipia matibabu. Alifariki 2014.

Mwaka mmoja na zaidi baada ya Finney kuzima mashine, tarehe 22 Mei 2010, Laszlo Hanyecz wa Florida alitoa sarafu 10,000 akapewa piza mbili. Thamani ya sarafu hizo siku ile ilikuwa kama dola 41. Watu wanamcheka kila Mei, mimi simcheki. Sarafu ambayo hakuna aliyewahi kununulia chakula haina thamani yoyote, na mtu wa kwanza kuila ndiye aliyeipa bei. Wanaocheka husahau upande wa pili wa meza: kijana aliyezipokea zile 10,000 naye hakukaa nazo. Alizitumia. Basi katika biashara moja maarufu kuliko zote za miaka ile, walioshika mali walikuwa wawili, wote ni wa mapema kwelikweli, na hakuna aliyezifanya kuwa mamilioni.

Sasa mwangalie aliyefanikiwa. Kristoffer Koch, raia wa Norway, alinunua sarafu 5,000 mwaka 2009 kwa krona 150, chini ya dola 30, alipokuwa anafanya utafiti wa chuo kuhusu usimbaji, yaani namna ya kuficha taarifa. Akasahau kabisa kwamba anazo. Mwaka 2013 habari za Bitcoin zilipojaa kwenye vyombo vya habari ndipo akakumbuka, akahangaika kutafuta neno la siri, akalipata, akakuta ana mali ya karibu dola 886,000. Aliuza sehemu moja ya tano akanunua nyumba Oslo. Kilichomtajirisha ni kusahau. Angekuwa anafungua programu kila asubuhi kuangalia bei kama wafanyavyo watu leo, angeshauza zikifika dola 5, akashangilia, akaenda zake.

Ninasema hivyo kwa sababu bei haikupanda ngazi kwa ngazi kama shemeji anavyoichora. Februari 2011 sarafu moja ilifika dola 1. Juni mwaka huohuo ikapita dola 30. Kufika Novemba imeanguka hadi kama dola 2. Mtu aliyenunua Juni alikuwa amepoteza zaidi ya asilimia 90 ya pesa yake ndani ya miezi mitano, na hakuna aliyemwambia kwamba itarudi. Aprili 2013 ikagusa 266, ikaporomoka. Mwisho wa Novemba 2013 ikapita 1,100, halafu mwaka mzima wa 2014 ukawa wa kushuka mpaka Januari 2015 ilipokaa karibu na 200. Aliyenunua kwenye kilele cha 2013 alisubiri hadi 2017 kuona pesa yake ikirudi mahali pake. Desemba 2017 karibu 20,000. Desemba 2018 kama 3,200. Novemba 2021 ikakaribia 69,000, mwaka mmoja baadaye iko 16,000 hivi. Desemba 2024 ikavuka 100,000.

Hebu tuiweke kwenye shilingi, tumtafute mtu wa kwetu. Tuseme kuna mwalimu wa shule hapa Kisumu ambaye Agosti 2011 alikuwa na elfu kumi na mbili za ziada, na kwa namna fulani akapata sarafu 10 kwa dola 12 kila moja. (Namfanyia hesabu tu, huyu mtu hayupo.) Novemba 2013 sarafu zake zina thamani ya dola 11,000, na dola ilikuwa kama shilingi 85, hivyo ana zaidi ya laki tisa. Kwa mshahara wa mwalimu. Kwa elfu kumi na mbili. Ana ada ya kidato cha kwanza, ana mzee nyumbani Siaya anayehitaji kulazwa, na kuna kiwanja kinauzwa Mamboleo. Wewe ungefanya nini? Mimi ningeuza, na ningekuwa nimefanya jambo la busara kabisa kwa taarifa zilizokuwepo siku ile. Ili awe milionea wa dola kwa zile sarafu 10, alihitaji kukataa kuuza 2013, kukaa kimya 2014 yote hadi Januari 2015 zikirudi chini ya laki mbili, kukataa tena Desemba 2017 zikiwa zaidi ya milioni ishirini za shilingi, kuvumilia 2018, kukataa 2021, kuvumilia 2022, mpaka Desemba 2024. Miaka kumi na mitatu. Ada zimelipwa na nini wakati huo?

Hapo ndipo utaona kwa nini majina yanayotajwa ni ya watu wa namna fulani. Mapacha Cameron na Tyler Winklevoss walitangaza 2013 kwamba wana Bitcoin za kama dola milioni 11, na kweli wakawa mabilionea. Lakini walikuwa wameshalipwa na Facebook fidia ya dola milioni 65 kabla ya hapo. Bei ikianguka nusu, mapacha wale bado wanakula na bado wana nyumba. Tim Draper, aliyenunua karibu sarafu 30,000 kwenye mnada wa serikali ya Marekani mwaka 2014, alikuwa tayari mwekezaji tajiri. Yupo pia kijana Erik Finman aliyepewa na bibi yake dola 1,000 mwaka 2011, akanunua zikiwa kama dola 12, na kufika 2017 akiwa na miaka 18 akawa milionea. Huyo ni wa kweli, sikatai. Alikuwa mtoto anayekaa kwa wazazi wake. Hakuna aliyemdai kodi ya nyumba. Subira ya miaka kumi ni bidhaa ya bei ghali, na wengi walioshika sarafu mapema hawakuwa na pesa ya kuinunua.

Kuna waliojitahidi kusubiri na bado wakakosa. James Howells wa Newport, Wales, alichimba maelfu ya sarafu mwanzoni, na mwaka 2013 diski yenye funguo ikatupwa jalalani kimakosa. Amepigana na halmashauri ya mji wake miaka yote hiyo aruhusiwe kufukua jaa. Januari 2025 mahakama ikatupa kesi yake. Stefan Thomas, mtaalamu wa programu aliye Marekani, alilipwa sarafu 7,002 mwaka 2011 kwa kutengeneza video ya kueleza Bitcoin. Akaweka funguo kwenye kifaa kidogo cha IronKey kinachokupa nafasi kumi tu za kukisia neno la siri kabla hakijajifunga milele. Habari zake zilipoenea 2021 alikuwa ameshatumia nane. Kampuni ya Chainalysis, inayofuatilia miamala ya sarafu hizi, iliwahi kukadiria kwamba karibu moja ya tano ya Bitcoin zote zilizochimbwa zimepotea namna hii au zimekwama. Nyingi ya hizo ni za miaka ya mwanzo, wakati hakuna aliyeona sababu ya kuandika neno la siri kwenye daftari kwa ajili ya kitu cha senti tano.

Na walioogopa kujiwekea wenyewe wakaacha sarafu zao kwenye soko la mtandaoni walikutana na Mt. Gox. Soko hili la Tokyo liliwahi kubeba sehemu kubwa ya biashara yote ya Bitcoin duniani. Februari 2014 likafungwa, likisema sarafu kama 850,000 hazionekani. Baadaye zikapatikana 200,000. Wateja wakaingia kwenye foleni ya kufilisi iliyochukua miaka kumi. Malipo ya sarafu yalianza Julai 2024, na hapa kuna kichekesho chungu: walipata sehemu tu ya sarafu zao, lakini kwa bei ya 2024 sehemu hiyo ilikuwa na thamani kubwa kuliko kila kitu walichopoteza 2014. Baadhi ya "washikaji imara" unaowasikia wakisifiwa ni watu waliofungiwa mlango.

Sasa hili la kwamba "sisi tulilala". Linanikera kidogo. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, mwaka uleule Bitcoin ilipozaliwa. Wengi hapa tulikuwa tunaingia saiba, tunalipa shilingi moja kwa dakika, tunaharakisha kabla dakika hazijaisha. Kuchimba sarafu usiku kucha kwa kompyuta yako mwenyewe kulihitaji kompyuta yako mwenyewe, umeme usiokatika na intaneti isiyopimwa kwa dakika. Kununua nako kulikuwa shida: M-Pesa ilikuwepo tangu Machi 2007, lakini haikuunganishwa na soko lolote la Bitcoin, ulipaswa kutuma pesa kwa benki hadi ng'ambo, kwa watu usiowajua, kwa ada inayozidi pesa yenyewe. Njia za kununua mtu kwa mtu, na kampuni kama BitPesa iliyoanzishwa Nairobi 2013, zilikuja baadaye, na Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ikatoa onyo kwa umma kwamba sarafu hizi si fedha halali na hazilindwi. Kwa hiyo fundi wa Kondele wa 2010 hakulala. Mlango haukuwepo upande huu wa ukuta.

Utaniuliza: basi ni wangapi hasa waliotajirika? Hakuna anayeweza kukuhesabia. Daftari la Bitcoin liko wazi kwa kila mtu, lakini linaonyesha anwani, yaani kama namba za akaunti, halionyeshi watu. Mtu mmoja anaweza kuwa na anwani elfu, na anwani moja ya soko ikawa na sarafu za wateja elfu. Satoshi mwenyewe anakadiriwa kuwa na kama sarafu milioni moja ambazo hazijasogezwa tangu mwanzo. Ni bilionea, ni marehemu, au ni mtu aliyepoteza neno la siri? Daftari halisemi.

Tunachoweza kupima vizuri zaidi ni watu wa kawaida waliokuja baadaye, kupitia simu. Mwaka 2022 watafiti wa Benki ya Malipo ya Kimataifa, ile taasisi ya Uswisi inayohudumia benki kuu, walilinganisha tarehe ambazo watu walipakua programu za kununua sarafu katika nchi 95 na bei ya Bitcoin siku hizo, kuanzia 2015 hadi 2022. Walikadiria kwamba takriban robo tatu ya watumiaji walikuwa wamepata hasara. Kumbuka, katika kipindi hicho bei ya Bitcoin ilikuwa imepanda mara nyingi sana. Inawezekanaje bei ipande na walio wengi wapate hasara? Kwa sababu watu hupakua programu bei ikiwa juu, siku ambayo kila shemeji anapiga simu. Bei ikiwa chini, simu hiyo haipigwi.

Mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda jekipoti ya SportPesa, shilingi milioni 221. Nchi nzima ilimwona kwenye magazeti, na wengi wakakumbuka kwamba hata wao walibeti wikendi ile. Picha za tiketi zilizochanika hakuna aliyezipiga. Hadithi za Bitcoin za mapema zinatufikia kwa njia hiyohiyo.

Tuje kwa hiyo sarafu mpya, maana ndipo pesa yako inapotafutwa. "Bado iko chini" ni maneno yanayonitia shaka kuliko yote. Bei ya sarafu moja peke yake haikwambii kitu. Lazima uizidishe kwa idadi ya sarafu zilizopo. Bitcoin zina kikomo cha milioni 21. Dogecoin, iliyotengenezwa Desemba 2013 kama mzaha, ina sarafu zaidi ya bilioni 140 na zinaongezeka kila mwaka. Mtu akikwambia Dogecoin "ikifika tu dola elfu moja" utatajirika, piga hesabu: inahitaji thamani ya dola trilioni 140, zaidi ya pato la dunia nzima kwa mwaka. Haiko chini. Imekatwakatwa vipande vidogo.

Lazima niseme pia kwamba kuna sarafu iliyokuja baada ya Bitcoin ikafanya maajabu. Ethereum iliuzwa kwa umma 2014 kwa kama senti 31 za dola, na Novemba 2021 ilikuwa zaidi ya dola 4,800. Shemeji anaweza kukutajia hiyo, na atakuwa amesema kweli. Muombe basi akutajie na nyingine zilizokuja baada ya Bitcoin. Ajaribu OneCoin, nayo ya 2014, iliyokusanya mabilioni ya dola duniani ilhali haikuwa na daftari la kweli nyuma yake. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka 2017 na hajaonekana. Ajaribu BitConnect, iliyoahidi faida ya kila siku na kuanguka Januari 2018. Ajaribu Luna, iliyokuwa na wataalamu na wawekezaji wakubwa nyuma yake, na Mei 2022 ikashuka kutoka dola zaidi ya 80 hadi sehemu ya senti ndani ya siku chache. Aliyenunua zote hizi alikuwa "wa mapema" katika kila moja.

Nikupe moja ya karibu. Mteja mmoja wa Nakuru aliniletea simu yake, akaiweka mezani akitabasamu. Kwenye skrini kuna programu yenye rangi nzuri, tarakimu za kijani, salio lake limeandikwa shilingi laki nne na ushei. Alikuwa ameweka elfu thelathini. Nikamwambia atoe elfu moja tu, nione. Akabonyeza, ukaja ujumbe: akaunti yake imefikia ngazi ya dhahabu, alipe kwanza elfu kumi na tano za kuifungua. Akanionyesha mazungumzo ya WhatsApp na "huduma kwa wateja": wanamwita "mpendwa mwekezaji", wanamtumia paybill, na leo si ile ya jana. Programu yenyewe haikutoka duka la kawaida la simu. Alitumiwa kiungo kwenye kikundi akaisakinisha. Tarakimu za kijani zilikuwa picha tu. Hakukuwa na sarafu yoyote mahali popote, si ya mapema wala ya kuchelewa. Sarafu ya shemeji ifanyie mtihani huohuo kabla ya maneno mengine yote: toa kiasi kidogo, kirudi kwenye M-Pesa yako, bila kulipa kitu chochote kwanza. Ikishindwa hapo, mazungumzo yameisha.

Sasa mkopo. Laki mbili za sacco kwa asilimia moja kwa mwezi kwenye salio linalopungua, miezi 24, ni kama shilingi 9,400 kila mwezi. Tuchukue mfano mbaya uliotokea kweli, tena kwa Bitcoin yenyewe, si sarafu ya kikundi cha WhatsApp. Umekopa Desemba 2017, ukanunua bei ikiwa karibu 20,000. Mwaka mmoja baadaye umelipa miezi kumi na miwili bila kukosa. Deni lililobaki ni kama 106,000. Sarafu ulizo nazo zina thamani ya kama 33,000. Ungeuza zote, bado ungedaiwa zaidi ya elfu sabini, na wadhamini wako, pengine mafundi wenzako wawili, hisa zao zimeshikwa. Ni kweli kwamba ungezishika hadi Novemba 2021 ungekuta zimezidi mara tatu ya ulichoweka. Lakini nimewahi kukaa kwenye mikutano ya sacco ya kufuatilia wadaiwa, na sijaona mdhamini anayekubali kusubiri hadi 2021.

Kama moyo bado unataka kushika kidogo, sikuzuii. Sarafu hizi si dhambi. Tumia pesa ambayo ikipotea yote hutalala njaa wala kukosa kodi ya kibanda, pesa ya faida yako, si ya kukopa, na si Fuliza. Kaa kwenye sarafu kubwa zenye historia. Nunua kidogo kidogo badala ya mkupuo. Sheria ya watoa huduma za mali pepe, yaani sarafu kama hizi, ilitiwa saini Oktoba 2025, na inaweka leseni na usimamizi mikononi mwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kabla ya kumpa mtu pesa yako, angalia kama anayo leseni. Kodi ya asilimia 3 iliyoanza Septemba 2023 iliondolewa na sheria ya fedha ya 2025, ikaja ushuru wa asilimia 10 juu ya ada wanayotoza watoa huduma. Basi anayekudai ulipe "kodi ya KRA" kwa namba yake ya simu ndipo akuachilie pesa yako ni mwizi.

Kuhusu kuchelewa: kwa safari ile ya kutoka senti hadi dola 100,000, ndiyo, umechelewa, na mimi pia. Ili Bitcoin izidi mara elfu moja tena kutoka hapo, ingehitaji thamani ambayo dunia haina. Anayenunua leo ananunua kitu kinachoyumba ambacho huenda kikaongezeka mara mbili au kikakatika nusu. Ni biashara tofauti na ile ya Koch na krona zake 150.

Kwa kazi yako kuna jambo moja linalokuhusu kuliko wengi. Laptopu za miaka ya 2011 hadi 2014 bado zinaletwa kwako, nyingi zilizoagizwa zikiwa zimetumika. Mteja akikuletea yake ya zamani akataka uifute kabisa, muulize kwanza kama aliwahi kugusa Bitcoin, na tafuta faili linaloitwa wallet.dat, lile linalohifadhi funguo, kabla hujaanza. Uwezekano ni mdogo sana, lakini kutafuta kunachukua dakika moja, na usifungue wala kunakili bila yeye kuwepo. Kwenye simu za siku hizi, ukiona mteja amepiga picha ya maneno kumi na mawili au ishirini na manne ya Kiingereza yasiyo na maana, yaliyopangwa kwa namba, hayo ndiyo funguo yenyewe ya pochi yake. Mwambie ayaandike kwenye karatasi, aihifadhi nyumbani, na aifute hiyo picha, maana yeyote anayeshika simu hiyo, wewe ukiwa mmoja wao, anashika pesa. Na anayekuuzia "pochi ya zamani iliyojaa, bado neno la siri tu" usimpe hata mia.

Shemeji mjibu kwa heshima. Kama anaiamini sarafu hiyo, sacco zipo Nakuru pia, akope kwa jina lake. Akikuomba umdhamini, jibu ni hilohilo, kwa sababu asipolipa, zitakazokatwa ni hisa zako.